Kijiji Nilichokiruka

Nilipoambiwa nitaje vijiji vya kwetu kwa mpangilio, kuanzia mji wa soko hadi misheni, nilishusha pumzi. Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari za bunduki, nani alipiga, saa ngapi, walivaa nini. Kumbe walitaka barabara. Barabara ile nimeitembea na ndoo ya mawese kichwani, nimeitembea na mimba, na mara ya mwisho niliitembea nikikimbia. Ningeweza kuitaja hata kwa homa.

Chumba kilikuwa kidogo, hapa hapa London, na dirisha lake halikufunguka. Kulikuwa na meza, sanduku la karatasi za kufutia machozi, na mashine ya kurekodi iliyokuwa na taa nyekundu. Ng'ambo ya meza alikaa dada mmoja wa ofisi ya uhamiaji, kijana, mwenye mafua. Kando yangu alikaa mkalimani, mzee wa Mombasa mwenye mvi na sauti ya upole. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kueleza. Wakiamini kwamba ninatoka kule ninakosema natoka, mimi na binti yangu tungekaa. Wasipoamini, tungepandishwa ndege. Mume wangu alishazikwa kule, na waliomuua walikuwa bado wapo.

Basi nikaanza. Teritware yetu, yaani wilaya, iko kusini, imebanwa kati ya ziwa na milima, na wanaoishi humo hawafanani hata kidogo. Mji wa soko ndio mkubwa. Alhamisi hujaa hadi unamkanyaga mtu usiyemjua na mnaombana radhi kwa lugha tatu. Ukitoka hapo unapita kijiji cha wakamua mawese, ambako hata kuta zina rangi ya chungwa na watu wake wanatuhumiwa kuwa wachoyo, nami nasema wanatuhumiwa kwa haki. Halafu kuna kijiji cha wapasua mbao. Halafu kile kilichohama mara mbili kwa ajili ya vita, kila mara kikabeba jina lake kama mtu anavyobeba mkeka, kwa sababu kwetu kijiji huitwa kwa jina la chifu wake, na chifu akihama jina halibaki nyuma kulinda miti. Juu, kwenye majani, wapo wafugaji tunaonunua kwao siagi wakati wa amani na kuwasingizia kila kitu wakati wa vita. Nao wanatusingizia sisi. Mwisho wa barabara ipo misheni, yenye matofali mekundu na zahanati.

Nilitaja yote. Mkalimani akatafsiri, dada akaandika. Kati ya wapasua mbao na misheni nikasema, "Kisha iko kwa Mzee, pale kwenye daraja," nikaendelea mbele.

Dada akainua kichwa. Mkalimani akaniuliza kwa niaba yake, "Mama, wataka kujua, kwa mzee yupi?"

"Mzee wetu."

"Hicho kijiji kina jina?"

"Kiko na jina."

"Laitwaje?"

Hapo ndipo nilipogundua nimefika wapi. Kijiji cha darajani kinaitwa kwa jina la chifu wake, na chifu wake alikuwa baba wa mume wangu. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe. Hatamki akiwa naye, hatamki akiwa peke yake shambani, hatamki hata akiota. Tangu siku ya kwanza niliyoingia ukweni na kitambaa kichwani, mimi na wanawake wengine wote walioolewa katika ukoo tulisema kwa Mzee, basi. Wauza chumvi walielewa. Madereva wa malori walielewa. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu asiyeelewa mpaka nilipoketi mbele ya yule dada mwenye mafua.

Msinione mshamba. Nilisoma hadi darasa la sita, nikabatizwa mara mbili kwa sababu dhehebu la pili halikukubali maji ya la kwanza. Lakini sokoni kwetu alikuwepo mama mmoja aliyepima mafuta ya taa, na mikono yake ilitetemeka hivi kwamba nusu ya chupa ilimwagika chini. Wanawake walisema alimtaja mkwe wake kwa hasira siku ya ugomvi. Walisema pia kwamba ukitaja, mtetemeko unaweza kukuruka wewe ukamshika mtoto wako. Nimekua nikiiangalia mikono ile kila Alhamisi. Mtu haachi kuogopa kitu kama hicho kwa sababu amepanda ndege.

Na mkalimani alikuwa mzee wa rika la mkwe wangu. Niliona haya kumweleza. Taa nyekundu ikaendelea kuwaka. Moyo ulinipiga hadi nikadhani mashine inaurekodi. Nikasema, "Nimesahau."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote. Neno moja tu.

Wakati huo tulikuwa tumepewa chumba Thamesmead, ghorofa ya tatu, jiko la kushirikiana na familia mbili. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alikuja hapa akiwa wa kubebwa mgongoni, na faili letu lilikuwa limelala miaka kabla sijaitwa, kwa hiyo Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na ukimwambia ajibu kwa Kiswahili anasema "ndiyo" kwa sauti ya mtu anayelipa faini. Mume wangu ndiye aliyempa jina, siku ya nane, na akampa jina la baba yake. Kwetu mtoto wa kike hupewa jina la babu bila shida yoyote. Shida ilikuwa yangu. Mtoto nimemzaa mimi, nimemnyonyesha mimi, na jina lake siwezi kulitamka. Nikamwita Mzee, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya, na yeye akaitika.

Hata siku tulipofika nchi hii, ofisa wa uwanja wa ndege alipouliza mtoto anaitwa nani, sikufungua mdomo. Nilitoa kadi ya chanjo iliyoandikwa na muuguzi wa misheni, imekunjika, ina doa la mawese. Akanakili jina kutoka pale. Alidhani mimi ni bubu kidogo.

Wiki chache baada ya mahojiano nilimpoteza sokoni Lewisham. Nilikuwa nachagua ndizi za kupika, nikageuka, hayupo. Dakika moja, mbili. Nikaanza kuita, "Mzee! Mzee!" na watu wakanipisha, maana waliona mama wa Kiafrika anayepiga kelele akimtafuta mzee, na wachache wenye roho nzuri wakaanza kunionyesha wazee. Muuza samaki akanishika bega akaniuliza mtoto anaitwa nani ili amwite kwa sauti kubwa. Nilimwangalia yule baba. Jina lilikuwa kwenye ulimi, zito, na nikaweza kumwambia tu kwamba ana koti la njano. Alipatikana kwenye duka la simu, anaangalia makava. Hakuwa amesikia chochote. Nilimkumbatia, nikamfinya, nikamkumbatia tena, na njia nzima kwenye basi sikumwachia mkono. Ilinijia kwamba kama angechukuliwa na gari lenye madirisha meusi mbele ya macho yangu, nisingekuwa na neno la kumwita.

Barua ilikuja Jumamosi. Tangu mahojiano nilikuwa nimejifunza sauti ya kile kitundu cha barua kwenye mlango wa chini. Bati likigonga, mimi niko ngazini tayari. Kiingereza changu cha barua kilikuwa hakijatosha, kwa hiyo aliisoma binti yangu, amekaa kitandani na bakuli la nafaka na maziwa. Alisoma vizuri, kama kitabu cha shule. Walisema hawakubali kwamba ninatoka katika eneo nililolitaja. Walisema niliweza kukariri vijiji kadhaa, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya, lakini nilishindwa kutaja kijiji kikubwa cha barabarani, chenye daraja, ambacho mwenyeji asingeweza kukisahau. Kisha wakakitaja wao wenyewe.

Binti yangu akaacha kutafuna. "Mum," akasema, "that's my name."

Nikainamisha macho chini. Sikufanya makusudi. Ukilisikia jina lile mbele za watu, ndivyo shingo inavyofanya.

"Why is there a village with my name?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Nafaka ya maziwa baridi. Alinitazama kwa huruma.

Mwanasheria wa kukata rufaa nilielekezwa na wamama wa kanisani. Ofisi yake ilikuwa Southall, juu ya duka la vitamutamu, na kutoka kwetu ilikuwa treni moja tu, unakaa mpaka mgongo unachoka. Alikuwa mama wa makamo, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Nilipoingia nilijikusanyia Kiingereza changu chote, naye akaniambia, "Kaa chini, mama. Umekunywa chai?" Kiswahili cha Kenya, cha dukani, kisichotafuta sifa. Nusura nilie hapo hapo.

Aliisoma barua mara mbili. Kisha akavua miwani. "Mama, niambie ukweli. Hii kijiji unaijua ama huijui?"

"Naijua."

"Sasa mbona ukasema umesahau?"

Akanisubiri. Kutoka chini harufu ya sukari ya kukaanga ilikuwa inapanda. "Mficha uchi hazai," akasema. "Mimi siwezi kukutetea na kitu umekalia."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiangalia zulia, kwa sauti ya chini, nikingoja acheke. Hakucheka. Alisema kwamba mama yake alizaa watoto sita pale Kisumu na hakuwahi hata siku moja kulitamka jina la mumewe. Akimtaka alisema tu, "Sikia." Siku karani wa hospitali alipomuuliza mume wako anaitwa nani, mama yule alimsukuma mbele binti yake mdogo aseme yeye.

"Huyo binti nilikuwa mimi," akasema. "Lakini jaji wako hakuzaliwa Kisumu. Nitaandika yote, nitaweka na kadi ya mtoto. Wale wengine watasema ni hadithi umetunga baada ya kushindwa. Watasema, kama anajua, si aseme tu. Na jaji atakugeukia. Utaweza?"

Nilimwambia sijui. Ulikuwa ukweli mtupu.

Kwetu mambo haya yana njia yake. Mwenye kosa anapeleka kuku mweupe ukweni, anakemewa, anasamehewa, wanakula. Mkwe mwenyewe alikuwa ameshafariki, mwaka ule ule kama mwanawe. Nikampigia mama mkwe, ambaye yuko kambini nchi ya jirani, kwenye simu ya jirani yake inayoshika mtandao akisimama juu ya jiwe. Nikamweleza kila kitu. Nikamwomba aniruhusu.

"Nikuruhusu na mdomo gani?" akaniuliza. "Miye ni bibi yake. Nilimuzalia watoto saba na sijamutaja hata yeye alikuwa nakufa. Ruhusa yake nitaitoa wapi?"

"Mama, watatufukuza."

"Nasikia."

"Na mutoto je?" nikamuuliza. "Mikono yake?"

"Kila mutu abebe mudomo wake," akasema mama mkwe, na salio likaisha. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Asubuhi binti yangu alipomimina maziwa nilikuwa naangalia mkono wake, na nilikuwa hata sijasema kitu bado.

Siku ya kesi kulikuwa na joto lisilo la kawaida. Mahakama yenyewe haikuwa na kitisho. Chumba cha meza na viti, kama darasa. Jaji alikuwa mama mwenye suti ya kijivu, na upande wa serikali alikuja kijana mmoja mstaarabu sana, na ustaarabu wake ndio ulionitisha. Mkalimani safari hii alikuwa dada wa Tanzania. Binti yangu sikutaka asikie habari za baba yake, kwa hiyo alikaa nje kwenye korido na mama mmoja wa kanisani, wakicheza karata. Kipooza hewa kilikuwa kimekufa, karani akaweka kiti mlangoni ili upepo upite.

Mwanasheria wangu alieleza mila yetu vizuri kuliko ningeweza mimi. Alionyesha kadi ya chanjo. Kijana wa serikali akasimama, akasema anaheshimu mila zote. Akasema jina lile liko kwenye ramani na limo ndani ya barua yao wenyewe, yeyote angeweza kulichukua na kuliunganisha na mtoto. Na akasema kitu kimoja ambacho hakikuwa uongo. Nilipoulizwa ana kwa ana, sikusema kwamba ni mwiko. Nilisema nimesahau.

Jaji akanigeukia. Hakuwa mkali. Aliuliza kama nakijua kijiji kilichopo darajani. Nikasema ndiyo. Aliuliza kama naweza kumwambia jina lake.

Nataka kusema kwamba nilijawa na ujasiri, lakini si kweli. Niliogopa kuliko siku niliyokimbia, kwa sababu siku ile miguu ilikuwa na kazi ya kufanya. Pale nilikuwa nimekaa. Nilimwona mama wa mafuta ya taa na chupa yake. Nilimwona mkwe wangu amekaa kibarazani, mzee mpole aliyekuwa akikohoa kabla hajatokea kona ili sisi wake za wanawe tupate muda wa kujistiri. Nilijiambia kwamba lisilo budi hutendwa. Nikafungua mdomo, na jina likatoka, dogo, kavu, kama punje ya mchanga.

Mkalimani akainama kwangu. "Samahani mama, sijasikia. Hebu rudia."

Mara ya pili. Kwa miaka kumi na miwili nililibana, na sasa nililazimishwa kulitoa mara mbili. Nilishikwa na hasira, kwa mkalimani, kwa kijana wa serikali, kwa kijiji chenyewe, na kwa hasira hiyo nikalitamka kwa nguvu zote. Nadhani lilisikika hadi kwenye lifti.

Kwenye korido viti vikaburuzwa. Nyayo zikaja mbio, na pale mlangoni, juu ya kile kiti cha karani, kikatokea kichwa cha binti yangu, karata bado mkononi.

"Yes, Mum?"

Alikuwa ananitazama mimi peke yangu, na uso wake sijawahi kuuona vile, si kabla wala baada. Miaka tisa aliitwa jina lake na walimu, na madaktari, na watoto wa shule. Mimi ndiye nilikuwa sijawahi.

"Mum? You called me?"

Jaji akamuuliza, kwa upole, anaitwa nani. Binti yangu akasimama wima kama walivyomfundisha shuleni akasema majina yake yote, la babu likiwa la kwanza. Jaji alishusha macho kwenye faili, akafunua kutoka mwisho kurudi hadi ukurasa wa kwanza, ule ulioandikwa uwanja wa ndege siku tuliyofika, akakaa hapo muda mrefu. Kijana wa serikali alisema hana swali lingine.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki sita. Bati liligonga, nikashuka ngazi. Binti yangu aliisoma kwa sauti, na safari hii alianza na mstari wa mwisho, kwa sababu ana akili. Tumepewa kukaa. Aliruka kitandani hadi mama wa chini akagonga dari. Mimi nilimwambia aketi, animiminie chai. Nilitaka kuona mikono yake. Alimimina bila kumwaga hata tone, akaniuliza kwa nini namtazama hivyo.

Jioni nilimpigia mama mkwe. Nilikuwa nimeahirisha tangu siku ya kesi. Nilimwambia kwanza habari njema, akashukuru Mungu kwa kirefu. Kisha nikamwambia kwamba nilimtaja Mzee, mara mbili, mbele ya watu, na mara ya pili kwa kelele. Nikamwambia nitatuma pesa ya kuku mweupe, na kama kuna zaidi ya kuku aseme.

Nilisikia upepo wa pale juu ya jiwe anaposimama.

"Na wakati ulilisema," akauliza, "mutoto aliitika?"

"Aliitika, mama. Alikuja mbio."

"Basi kuku ya nini?" akasema mama mkwe. "Uliita mutoto wako, akaitika."